Sema Ukishameza

Ieleweke mapema kwamba Mkasi na Kiranja hawakupendana, wala hawakuwahi kujaribu. Kila asubuhi, kwenye dirisha la kliniki, walitukanana kwa utaratibu na nidhamu ambayo shule nyingi za bweni zingeitamani.

Mkasi alikuwa mwanamke, fundi cherehani, lakini jina hakupewa kwa sababu ya kazi. Alipewa kwa sababu ya ulimi. Kiranja alikuwa mtoa dawa, na jina lake lilitoka kwa wagonjwa, kwa kuwa alisimama nyuma ya dirisha lake kama kiranja wa bwalo anayegawa uji: shingo imenyooka, macho yanasaka mhalifu, huruma ameiacha nyumbani ndani ya sanduku.

Dawa yenyewe ilikuwa methadoni, maji matamu yenye uchungu uliojificha nyuma, ambayo mtu aliyekuwa akitumia unga wa kulevya huyanywa kila siku ili mwili uache kumburura barabarani kama mbwa aliyefungwa kamba. Haikuruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Uliinywa palepale, Kiranja akikutazama koo, kisha ulipewa maji kidogo, kisha yeye akatamka neno moja.

"Sema."

Na lazima useme, kwa sababu mwenye dawa mdomoni hawezi kusema, na aliyesema amemeza. Wengi walitaja majina yao. Dereva, mzee aliyewahi kuendesha malori na ambaye sasa hakuaminiwa hata na toroli, kila siku alisema, "Nimeshiba." Lakini Mkasi, siku yake ya kwanza, viungo vikimuuma na matusi ya mama yake bado yamo masikioni, alipoambiwa aseme, aliangalia juu na kusema, "Kofia yako imekaa kama kifuniko cha birika la watu wengine."

Foleni nzima iliangua kicheko. Kiranja hakucheka.

"Umemeza," alisema. "Anayefuata."

Basi ikawa ndiyo desturi. Leo pua ya Kiranja, kesho masharubu yake, keshokutwa namna anavyoshika kikombe kama mtu aliyeokota panya. Naye hakuwa wa kupokea tu. "Fundi," alimwambia mara moja, "ukiacha unga, uache na siki unayokunywa." Watu waliwahi foleni ili wasikose. Kulikuwa na wagonjwa ambao, kwa maelezo yao wenyewe, wangekwisha kuiacha dawa zamani kama si hamu ya kujua kesho yake Mkasi atasema nini. Ukutani palibandikwa tangazo lenye methali ya mficha maradhi na jinsi kifo humuumbua, lakini lilibandikwa pale ambapo kila mtu huegemeza kichwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulisoma.

Huo ulikuwa upande mtamu wa siku ya Mkasi. Upande mwingine uliitwa nyumbani.

Nyumbani Mkasi alikaa chumba cha nyuma, yeye na cherehani yake. Alikuwa na sahani yake, kikombe chake cha bati kilichobonyea, na kijiko chake, na vitu hivyo havikuruhusiwa kuchanganyika na vya watu. Akitoka jikoni, Mama aliingia kuhesabu vijiko. Wateja wengine waliacha vitambaa vyao getini kwa kuvitupa, kama mtu anayemrushia mbwa mfupa, kisha wakatoa vipimo vya viuno vyao kwa kupiga kelele kutoka barabarani, jambo ambalo liliwapa majirani elimu ambayo hawakuiomba. Jirani wa mbele, Mama Pacha, aliwafundisha wanawe pacha kuimba "teja, teja" kila Mkasi alipopita, na walikuwa na sauti nzuri sana.

"Huyu ndiye mkosi wangu," Mama aliwaambia wageni, Mkasi akiwa palepale. "Lakini Mungu si mchoyo, kanipa na Msomi."

Msomi alikuwa mdogo wake Mkasi, karani wa benki, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa. Picha yake ilitundikwa sebuleni juu ya televisheni. Ya Mkasi ilikuwa imegeuzwa ikawekwa chini ya mguu wa kabati, kuzuia kabati lisiyumbe.

Ilikuwa Jumatano, basi, Mama alipoingia chumba cha nyuma. Hakuwa ameingia humo tangu Mkasi arudi nyumbani. Na alikuwa na kikombe mkononi. Si cha bati. Kilikuwa kile cha wageni, chenye maua ya bluu na ukingo wa dhahabu, ambacho hata Msomi hukinywea siku za sherehe tu.

"Mwanangu," alisema Mama.

Mkasi aligeuka kutazama kama kuna mtu nyuma yake.

"Chai yako, mwanangu. Nimeitia tangawizi."

"Nani kafa?" aliuliza Mkasi.

Hakuna aliyekufa. Ila Msomi, ambaye Mama alishawatangazia majirani kwamba benki imempeleka semina nje ya nchi, hakuwa nje ya nchi. Alikuwa chumba cha katikati, mlango umefungwa kwa kufuli kubwa, akitoka jasho, akitapika, akipiga miayo machozi yakimtiririka. Mkasi hakuhitaji kuelezwa. Hiyo ilikuwa arosto, mwili ukidai unga ulionyimwa. Aliijua kama mtu anavyojua njia ya kwao.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili hajagusa kitu. Nimemfungia. Nilidhani itaisha."

"Nauliza tangu lini anatumia."

Mama alikisogeza kikombe karibu zaidi. "Jumatatu likizo yake inaisha. Akienda kazini hivi watamfukuza. Wewe unakwenda pale kila siku, unapewa yale maji. Siku moja tu, usiyameze. Yafiche mdomoni, ukitoka nje yatemee humu, umletee mwenzio." Akatoa kichupa kidogo cha manukato, kimeoshwa, bado kinanukia.

"Aende mwenyewe."

"Apange foleni na mateja? Barabarani? Na watu wanajua yuko semina?" Mama alipandisha sauti, kisha akakumbuka kwamba leo ni siku ya upole, akaishusha. "Wewe tayari umeshachafuka, mwanangu. Tope halikuongezei kitu. Yeye bado ana jina."

Ukitaka kujua jinsi kikombe kinavyoweza kumfanya mtu mjinga, hapa ndipo pa kujifunzia. Mkasi alikinywea. Chai ilikuwa tamu. Alisikia ukingo wa dhahabu mdomoni, na akajiona akiketi sebuleni, picha yake imetolewa chini ya kabati na kufutwa vumbi, Mama akiwaambia wageni, huyu ndiye aliyemwokoa mdogo wake. Na ukutani, upande wa pili, Msomi alikuwa akiugulia kama mtoto.

Alikichukua kichupa.

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu na yenye furaha. "Leo nimesikia ana jambo kuhusu masikio," Dereva alimnong'oneza mtu wa mbele. Zamu ya Mkasi ikafika. Kiranja akampa kikombe cha dawa. Mkasi akainua, akamimina, akaibana dawa chini ya ulimi na mashavuni. Akapewa maji, akayagusisha mdomoni, akarudisha kikombe.

"Sema," alisema Kiranja.

Mkasi akatabasamu.

Lilikuwa tabasamu zuri, la upole kabisa, na hapo ndipo lilipoharibu kila kitu. Kwa mwaka mzima hakuwahi kumtabasamia Kiranja. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Anaumwa?"

"Sema, fundi."

Mkasi akagusa koo lake, akaonyesha kwa vidole kwamba sauti imekauka. Akatabasamu tena.

Kiranja alimtazama kwa muda. Angeweza kumwita mlinzi. Angeweza kumwambia afungue mdomo, na mambo yangeishia kwenye ofisi ya daktari, tena vibaya. Badala yake alitoa kichwa nje ya dirisha, akanyoosha shingo na kumtazama Dereva kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Mzee, suruali hiyo nani kakushonea?"

"Huyu," alisema Dereva kwa fahari. "Tena bure."

"Ndiyo maana. Mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mmoja unakwenda kliniki, mwingine unakwenda mahakamani. Nimeona magunia ya makaa yaliyoshonwa vizuri zaidi. Mtu anajiita fundi na hajui miguu ya binadamu inalingana! Kama mikono ilitetemeka, si angesema tu, tukamtafutia kazi ya kufagia?"

Shingo ya Mkasi ilivimba. Macho yalimtoka. Mtu anaweza kuitwa teja, mkosi, tope, na akapita zake. Lakini suruali ile aliipima mara mbili, akaikata mara moja, na kwa ajili yake alimfuata mzee pembe zote za kliniki kumtazama anavyotembea.

Alimeza. Glu!

"Mguu wake ndio mfupi, mjinga wewe!" alifoka, na sauti haikuwa na ukavu wowote. "Lori lilimwangukia! Nimeikata kufuata nyonga yake, ndiyo maana pindo linagusa viatu vyote sawasawa! Mtazame chini, mzee, mwonyeshe! Wewe ungejuaje, na koti lako limeshonwa na adui yako?"

Foleni ilishangilia kama goli limeingia.

"Umemeza," alisema Kiranja.

Ndipo Mkasi alipoelewa. Alishika mdomo kwa mikono miwili, akiwa amechelewa kabisa. Kichupa kilikuwa mfukoni, kitupu, kinanukia waridi.

Kiranja alivuta kibao cha dirisha nusu na kushusha sauti. "Ulikuwa unampelekea nani?"

"Hayakuhusu."

"Fundi, nimekuuliza."

"Mdogo wangu. Mama kamfungia tangu Jumapili, hajatumia kitu. Anateseka. Na wewe, shetani mkubwa, umemnyima."

"Angekufa," alisema Kiranja.

Alilisema bila kulipamba.

"Kipimo chako tumekipandisha kidogo kidogo, miezi na miezi. Mwili wako umepanda ngazi. Yeye amekaa siku kadhaa bila kitu, mwili umeshasahau, halafu umrushe juu ya paa kwa mkupuo? Angelala. Angekoroma vizuri sana, na mama yako angefurahi kwamba mtoto amepumzika. Asubuhi mngemkuta amepoa."

Mkasi alishika ukingo wa dirisha. Alimwona akilini Mama akimfunika Msomi shuka vizuri, akitoka kwa kunyata ili asimwamshe.

"Daktari nitamwambia uliyoyafanya, na atakugombeza mpaka ujute," aliendelea Kiranja. "Sasa ondoka mbele yangu. Kamlete mwenyewe kabla hatujafunga. Aonwe, apimwe, aanzishiwe kipimo chake."

"Hawezi kuja. Yuko semina."

"Yuko wapi?"

"Nje ya nchi. Mama amewaambia majirani."

Kiranja alifikiri. "Basi mrudishe nchini," alisema, akafungua dirisha. "Anayefuata!"

Mama alikuwa akingoja uani, na macho yake yalikwenda moja kwa moja mfukoni mwa Mkasi.

"Umeleta?"

"Sikuleta. Nimemeza."

Upole wa Jumatano ulikufa papo hapo na haukuombolezwa. "Nilijua! Tumbo lako kwanza! Mwenzio anakufa humo ndani, wewe unameza!"

"Ningeleta ndiyo angekufa, Mama. Kipimo changu kingemuua usingizini. Twende naye kliniki, sasa hivi."

"Wewe unakunywa kila siku na hujafa," alisema Mama, "kwa bahati mbaya."

Neno lile lilitoka na kusimama katikati ya uwanja. Hata Mama alilitazama kidogo, lakini halikuwa neno la kurudishwa. Mkasi alinyoosha mkono.

"Ufunguo."

Mama akautia ufunguo kifuani, mahali ambapo hakuna mahakama ambayo ingethubutu kupekua, akasimama mlangoni pa chumba cha katikati, mikono kiunoni. "Upite juu ya maiti yangu. Mwanangu hatoki humu akaonekane na watu."

Mkasi akazungumza na mlango. "Msomi. Umesikia?"

"Nimesikia, Dada." Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelala sakafuni.

"Twende."

"Mama Pacha ataniona."

"Mimi ananiona kila siku."

"Wewe umezoea."

Mkasi angeweza kutema jambo hapo. Ulimi ulikuwa tayari, umenolewa. Lakini alibaki akitazama mbao za mlango.

"Sijazoea," alisema. "Hakuna hata siku moja niliyozoea. Wanaimba, nasikia. Napita tu. Ukifika kule unakuta wengine nao wamepita, mnacheka kidogo, unakunywa, unarudi, unashona. Ndiyo yote. Sina siri nyingine ya kukupa."

Kisha wakasikia kitanda kikisukumwa, na kitasa cha dirisha. Ikadhihirika jambo ambalo watu wote wa nyumba ile walilijua na hakuna aliyelisema: dirisha la chumba cha katikati halikuwa na nondo. Kufuli lile kubwa siku zote lilikuwa pambo.

"Msomi!" Mama alipiga kelele. "Usithubutu! Uko semina!"

Karani wa benki alitokea dirishani kwa kutanguliza makalio, akiwa na shati la kulalia na kiatu kimoja, akaangukia barabarani mbele ya Mama Pacha aliyekuwa akianika nguo.

"Heee! Msomi! Umerudi lini kutoka semina?" Mama Pacha alibaki na kibanio mdomoni. "Na mbona unatokea dirishani?"

"Huko walikomfundisha ndivyo wanavyotoka," alisema Mkasi, aliyekuwa amezunguka nyumba kwa mbio. Alimshika mdogo wake kwapani kumwinua.

Msomi aliinama, akatapika kando ya beseni la nguo, akajifuta kwa mkono wa shati. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Sikwenda semina. Natumia unga. Nakwenda kliniki."

Mama Pacha alitema kibanio. "Nyumba nzima!" alilia akiita madirisha yote. "Nyumba nzima, jamani! Na huyu anashika pesa zetu benki!" Pacha wakaanza wimbo wao. Mtu fulani akamwaga maji machafu yakapita karibu na miguu yao. Muuza mkaa akamwita mwanawe arudi ndani, asije akaambukizwa.

Msomi alisimama. "Dada, turudi."

"Kanyaga," alisema Mkasi. "Ukisimama wanafika kwenye ubeti wa pili, na ubeti wa pili ni mbaya."

Wakakanyaga. Nyuma yao, kwa umbali wa mtu asiyehusika, alifuata mwanamke aliyejifunika mtandio mpaka puani. Na nyuma ya mwanamke huyo, kwa bahati tu, Mama Pacha alikuwa amekumbuka haja ya haraka ya kupita njia ileile.

Daktari alimwona Msomi, akamuuliza maswali ambayo benki haiulizi, akampima, kisha akamgeukia Mkasi na kumgombeza kama alivyoahidiwa. Kipimo cha kwanza kikaandaliwa, kidogo sana. Foleni ilikuwa fupi kufikia wakati huo, ila Dereva alikuwa hajaondoka, maana alihisi kuna jambo. Alimwona mwanamke wa mtandio amejibanza ukutani, kichwa kimefunika lile tangazo la methali, akamhurumia.

"Mama, usiogope," alimwambia kwa sauti ya kliniki nzima. "Siku ya kwanza ni ngumu kwa kila mtu. Umetumia miaka mingapi?"

"Mimi?" Mtandio ukaanguka. "Mimi? Wewe mzee mwenye suruali, unanijua mimi?"

"Kumbe na wewe!" alisema Mama Pacha kutoka mlangoni, uso unang'aa kama aliyepewa zawadi.

Mama aliangalia mlangoni, akaangalia dirishani, ambako watoto wake wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega, mmoja na kiatu kimoja. Hapakuwa na mahali pa kujificha, wala semina ya kumpeleka mtu. Alichobaki nacho kilikuwa ubaya wake wa kawaida, akautumia.

"Nimewaleta wanangu," alisema. "Wote wawili. Una la kuongeza? Kama huna, kaanue nguo zako, mbuzi wasikulie chupi."

Mama Pacha akaondoka. Mkasi aligeuka kumtazama mama yake.

"Na wewe simama vizuri," Mama alimfokea. "Umejikunja kama kamba. Unaniaibisha."

Mkasi akasimama vizuri.

Kiranja akasukuma kikombe dirishani. Msomi akakishika kwa mikono miwili, akanywa, akanywa na maji. Foleni ikasogea karibu. Dereva alinyanyua mkono kuwanyamazisha watu. Ndugu wa Mkasi, damu moja, ulimi mmoja. Matumaini yalikuwa makubwa.

"Sema," alisema Kiranja.

Msomi alikohoa. Akanyoosha kola ya shati la kulalia.

"Asante kwa huduma," alisema.

Foleni nzima ikazomea.

"Tutamfundisha," alisema Dereva, akitikisa kichwa.

"Umemeza," alisema Kiranja. "Kesho usichelewe. Na uje na viatu viwili, hapa si kwenu."

"Masikio yako," Mkasi alimwambia Kiranja, "yamekaa kama milango ya gari iliyosahauliwa wazi."

"Wewe ulishasema leo, fundi," alijibu Kiranja, akafunga dirisha.